Faili Nilizogoma Kufuta

Nilipokuwa nikitunza kompyuta za ghala kule Louisville, diski ilijaa. Mkuu wangu, Mkongomani mwenzangu, akaniamuru nifute faili zinazohifadhi kila badiliko la mizigo.

"Bon, futa tu. Nakala ya Jumapili si iko kwenye kompyuta ya akiba kule Columbus?"

"Mkubwa, nakala ya Jumapili haijui mizigo ya leo. Nifukuze, sifuti kabla sijazituma Columbus."

"Diploma imekupanda kichwani!"

"Acha ipande. Niliisomea mwenyewe, baada ya zamu za kiwandani kule Buffalo."

Nikazituma. Mchana ule mashine ya Louisville ikafa. Kompyuta ya akiba ya Columbus ikaanza na nakala ya Jumapili, ikaongeza mabadiliko ya faili zangu kwa mfuatano, ikashika kazi bila kupoteza katoni hata moja.

Nimerudi Buffalo sasa. Diploma ilinipanda kichwani, na haishuki.