Kibandiko cha Mnyama wa Miiba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala la vielelezo karibu na Mnazi Mmoja, Bwana Mtaalamu wa Wanyama, Mzungu asiyejua Kiswahili, alinipa ganda la mnyama wa miiba wa baharini, duara kama chungwa, miiba imekwisha kupukutika. "Hesabu vitundu," akasema. Vitundu hivyo, ambamo mnyama hutolea miguu yake laini, hukaa jozi jozi, na mpangilio wake huonyesha jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu. Nilikuwa nimetoka chuoni Uganda, nikihoji kila kitu.

Vielelezo vingi vililetwa na Bi Mwanahawa, muuza pweza wa soko la Kariakoo. Siku moja alileta ganda dogo la zambarau, geni kwetu.

"Shikamoo, Bi. Umelitoa wapi?"

"Marahaba. Mchangani, penye majani."

"Una hakika? Si mwambani?"

Akacheka. "Karani wewe! Mkeo akikuambia chai ina sukari, utataka shahidi?"

Vitundu vilikaribiana na vya spishi moja iliyomo kitabuni, lakini havikulingana. Kitabu kilisema spishi hiyo huishi mwambani. Nikamwamini mwandishi asiyewahi kukanyaga pwani yetu. Kwenye kibandiko nikaandika: mwambani.

Bwana Mtaalamu alishuku ni spishi mpya, ila ganda moja lisilo na miiba halikutosha. Akatafuta jingine mwambani wiki nzima, asipate. Tukaenda Kariakoo, mimi nikiwa mkalimani.

"Mwambie ni mwongo. Asituletee kitu tena."

Sentensi moja yangu, kwamba "mwambani" niliandika mimi, ingetosha. Badala yake nikatafsiri, tena kwa sauti, mbele ya wateja wake.

Bi Mwanahawa akaweka kisu chini. "Mwongo, mimi? Si nilikuambia mchangani, mwanangu? Mwambie basi."

"Anasemaje?" Bwana akauliza.

"Anaomba radhi," nikajibu.

Ganda likaorodheshwa chini ya spishi ya zamani. Mimi nikapanda hadi Karani Mkuu, nikawahudumia mabwana wengine watatu, nisimwambie hata mmoja. Kariakoo nikawa napitia njia nyingine.

Wiki ya kustaafu niliandika kibandiko kipya: mchangani, penye majani, limeletwa na Bi Mwanahawa, ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Kijana aliyeshika nafasi yangu akauliza nimejuaje, baada ya miaka yote hiyo.

Nikamwambia nimekumbuka ghafla. Sikuwahi kusahau hata siku moja.