Bibi Amepaa

Juzi, sokoni Kibirizi, nilimwona msichana akipaa kuhe, wale samaki wakubwa wa ziwani, magamba yamemganda mpaka kwenye kope. Harufu ile ikanirudisha utotoni, nyumbani kwetu Kagunga.

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya jiko na kisu butu. Nilipokwangua, magamba yaliruka yakaniingia mdomoni, na nzi wa kijani walijaa kwenye matumbo ya samaki miguuni pangu. Ndani, Bibi alikuwa mgonjwa sana. Wanaume walikuwa shamba la ujamaa, isipokuwa katekista aliyekuja kumwombea. Alitoka taratibu, akanishika kichwa.

"Usilie, mjukuu wangu. Bibi yako amepaa."

Siku hizi najua ni maneno mawili yanayofanana kwa sauti tu, moja la kwenda juu, jingine la kukwangua. Wakati ule nilijua hili la kukwangua peke yake, na kwa kuwa Bibi hakuweza hata kushika kisu, nikaona yeye ndiye aliyekwanguliwa. Nikamtazama samaki mkononi, ngozi imechubuka, inateleza kwa ute.

"Nani amempaa?"

"Mungu mwenyewe," akajibu kwa upole, akidhani nauliza nani aliyemchukua.

Nikatapika palepale.

Jioni waombolezaji waliandaliwa ugali kwa kuhe. Nilikataa kula. Mama aliponivuta pembeni, nikamwambia nasikia kinyaa, sitaki kumwona Bibi alivyokwanguliwa. Mama hakucheka. Alinipeleka ndani, akafunua shuka.

"Mshike," akasema.

Nikamgusa shavu kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja kizima. Lilikuwa baridi na kavu, na makunyanzi yake yote yalikuwepo.