Ngazi ya Fundi Nusu na Goti Langu

Kila anayeingia saluni ya binti yangu husimama mbele ya ngazi, hucheka, kisha huniuliza huyo Fundi Nusu ni mtu wa namna gani. Nimechoka kujibu. Leo naandika, anayetaka asome, na herufi zikipinda asinilaumu. Mkono wangu umezoea mkasi.

Fundi Nusu ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, kwa hiyo mimi ni mama yake mkubwa. Ni seremala. Mfupi, kimya, na ukimuuliza jambo anakuna shingo kwanza, kama vile jibu limejificha kwenye kola. Utotoni walikuwa wanane katika chumba kimoja, na yeye akawa analala nje ya mlango, chini ya ngazi ya mwenye nyumba. Kila aliyepanda alimmwagia vumbi la viatu usoni. Nadhani ni pale pale alipoapa. Alipokua akaanza kutengeneza ngazi zisizokula nyumba. Iko ya kukunjwa ukutani kama ubao wa kupigia pasi. Iko ya kuzunguka nguzo moja mpaka kizunguzungu kikushike. Iko ambayo kila kidato ni droo. Hiyo ya droo siipendi hata leo, maana mama mmoja aliyewekewa aliacha droo wazi, akashusha mguu ndani ya soksi za mumewe na kufika nazo chini kabla ya wakati.

Jina la Nusu lilitoka kwenye ngazi ya aina ya nne, na ndiyo aliyotuwekea sisi. Kila kidato kimekatwa nusu. Cha kwanza kina nafasi ya mguu mmoja tu, cha pili kina nafasi ya mguu wa pili tu, hivyo hivyo hadi juu. Kwa kuwa hakuna mguu unaopita juu ya kidato cha mwenzake, ngazi inasimama karibu wima, lakini unaipanda kwa kutembea. Inakaa mahali pa kabati moja la nguo.

Nyumba yetu ni nyembamba, hatua tano kutoka ukuta hadi ukuta. Chini ni saluni. Juu ni chumba changu, chenye kitanda, cherehani na dirisha la barabarani. Nimeshona pale miaka thelathini na moja. Ngazi ya zamani ilikuwa imeoza, tena ilikula theluthi ya saluni, na binti yangu akasema lazima itoke. Nilikubali shingo upande, kwa sharti moja: chumba changu kibaki changu.

Nusu akaja kupima. Yeye hapimi kwa futi peke yake. Anakwambia uvue viatu, usimame, anachora nyayo zako sakafuni kwa chaki, halafu anauliza ukipanda unaanza na mguu gani. Sasa hebu fikiria. Saluni imejaa wanawake, vichwa vimefungwa lakini masikio yako wazi. Na mimi goti langu la kulia limeharibika huu mwaka wa sita, sijamwambia mtu. Ngazi ya zamani nilikuwa naipanda kwa mguu wa kushoto, kisha nauvuta wa kulia uje kuungana nao, kidato kwa kidato kama bibi harusi, na nilichagua saa ambayo hakuna anayetazama. Hata cherehani nilikanyaga kwa wa kushoto, watu wakadhani ni mazoea.

Nikasema, "Wa kulia. Kwani mtu mzima anaanza na upi?"

Akakuna shingo. Akaandika wa kulia.

Ngazi ilipokwisha simama akatupa masharti yake. Mikono iwe mitupu, ishike reli zote mbili. Apande mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ndala hazitakiwi. Mbao zisipakwe mafuta. Na kushuka ni kinyumenyume, uso ukiwa kwenye ngazi vile vile ulivyopandia. Akanionyesha kushuka, mimi niliyemshika mikono yeye akijifunza kutembea.

Binti yangu akapanda kama paka. Wasusi wake wawili wakapanda. Hata mteja mmoja, upande mmoja wa kichwa umesukwa na wa pili umesimama, alipanda na kushuka akicheka. Zamu yangu ikafika. Kidato cha kwanza goti likalia. Nikajikaza kisabuni. Cha pili kilikuwa cha kushoto, nikapita. Cha tatu kikaurudia mguu wa kulia, na goti likakataa katakata. Nikataka nipeleke wa kushoto kwanza kama nilivyozoea, lakini mbao ya wa kushoto ilikuwa mbali juu, na hapa katikati hapakuwa na kitu, pamekatwa. Nikabaki pale nimekumbatia reli, siendi wala sirudi, huku redio inaimba. Walinishusha kama gunia.

Nikasema ngazi ni mbovu. Habari ya goti sikuitamka.

Nikaisema hivyo wiki tatu. Nililala kwenye godoro kando ya sinki la kuoshea nywele, nikanuka shampuu kama mtoto. Juu zilibaki nguo za watu nimezikata sijazishona. Nilimtuma msusi anishushie mkasi wa kitambaa, akaniletea wa karatasi. Nikamrudisha, akaja na mwingine wa karatasi. Kuna nesi mmoja anayesukwa pale kila mwezi, naye alikuwa ameshaagiza kwa Nusu ngazi kama hii. Nilimwambia kama anaipenda mifupa yake aachane nayo. Akaachana nayo. Nilimpaka mtoto wa mdogo wangu matope mbele ya kila aliyekaa kwenye kile kiti, na yeye, badala ya kuja tugombane kama watu, alikuja kila baada ya siku mbili na msasa wake, akapapasa vidato kimoja kimoja, akapima, asione kosa, akaondoka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu anayetukanwa ajibu.

Mwishowe binti yangu akaniketisha.

"Mama, sikufukuzi. Lakini Jumamosi cherehani inashuka, utahamia huku nyuma. Juu watakaa wasichana wangu wa kusuka."

Huku nyuma hakuna dirisha. Kuna bomba linalodondosha maji na ndoo za dawa za nywele. Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye si sawa.

Jumamosi Nusu akaja na kamba. Saluni imejaa vile vile, na wale wale wa siku ya chaki walikuwemo. Nilikaa chini nikamsikiliza akiburuta cherehani juu ya kichwa changu. Nilijua kila mbao inayolia, nikajua ameshafika usawa wa kitanda, kisha tundu la ngazi. Kichwa chake kikatokeza.

"Mama mkubwa, niishushe?"

Nikaviona vyuma vya miguu ya cherehani vikining'inia kwenye ukingo, vimefungwa kamba kama mhalifu. Sikuona pa kuuweka uso wangu. Nikausimamisha hivyo hivyo.

"Goti bovu ni la kulia," nikasema. "Naanza na wa kushoto. Nilikudanganya."

Mikono ya wasusi ikasimama vichwani mwa watu. Nusu alikuwa ameanza kufungua kamba kabla sijamaliza.

"Ulijua wewe," nikamwambia.

"Tangu juzi, nilipokuja kuipima cherehani. Pedeli imelika upande wa kushoto peke yake."

"Na mbona hukusema?"

Akakuna shingo. "Goti si langu, mama mkubwa."

Kama ningeweza kupanda ile ngazi ningekwenda kumchapa.

Jumatatu akaibomoa, na siku hiyo aliongea kuliko alivyowahi kuongea maisha yake yote. Alisema ngazi ya kawaida haijui mguu, kila kidato kinaudai mguu wowote sawa sawa. Lakini hii kila mguu una vidato vyake, kwa hiyo anaweza kuufanya wa kushoto upande sana na wa kulia upande kidogo tu. Kama ningesema kweli tangu mwanzo angeikata hivyo. Akanisimamisha tena, akaniwekea vipande vya mbao chini ya mguu wa kulia, kimoja juu ya kingine, niseme basi goti litakapouma. Safari hii nilisema basi palipouma, na palikuwa chini sana, chini ya nilivyotaka waone.

Sasa napanda. Polepole, lakini napanda mwenyewe, mikono mitupu, na vitambaa vinanifuata kwenye kikapu cha kamba. Vidato vyangu havilingani, vya kushoto amevipaka rangi nyeupe watu wajue, na kila mwingine anayejaribu anajikwaa. Nusu amepiga marufuku: ngazi hii ni ya mtu mmoja. Wasichana wanalala huku nyuma, na binti yangu amenuna mpaka leo. Anune. Sharti langu alilisikia.

Kwa nesi nilikwenda mwenyewe kwa miguu, nikamweleza habari ya goti, akanikaripia kama mtoto wa shule na kuniandikia siku ya kwenda kupimwa. Sijakwenda. Lakini ngazi yake ameiagiza upya, na Nusu alipomchorea nyayo akamuuliza anaanza na mguu gani. Nesi akajibu haraka haraka, wa kulia.

Nilikuwepo. Nikamwambia Nusu asiandike kitu, huyu kwanza apande ngazi yoyote mbele ya macho yetu.

Nesi akanikata jicho. Nusu akakuna shingo.