Meno ya Kiranja

Enzi zetu, miaka ile ya tisini, kikokotoo kilikuwa kitu cha mwalimu. Sisi tulikuwa na kijitabu cha majedwali ya loga kilichofunikwa gazeti, ukurasa wa kosaini umeng'aa kwa mafuta ya mandazi. Siku hizi mwanangu anaiuliza simu, saba mara nane ni ngapi. Namwambia, wee, mama yako alitafuta kosaini kwa mwanga wa koroboi, akaipata, akaikosea, akachapwa. Anacheka. Anadhani ni utani.

Shule yetu ilikuwa ya umma, ukingoni mwa Kibera, mahali ambapo ukichungulia dirishani unaona nguo za watu wa Nyayo Highrise zikipepea. Ilianzishwa kwa ajili ya hesabu na sayansi. Mkuu wa shule aliamini kwamba mtoto wa nyumba ya mabati akilishwa fizikia asubuhi na kemia jioni atafika popote. Uliingia kwa mtihani. Mimi nilitoka Kawangware, binti wa fundi viatu aliyetoka Kitui, na nilipochaguliwa mama alisema, "Mutheu, hesabu hailiwi, lakini hulisha." Basi kila asubuhi nilikatiza Riruta Satellite kwa miguu, umande kwenye soksi, nikiota kwamba mimi ndiye nitakayekwenda mwezini. Kweli kabisa, mwezini. Niliishia kupata D ya hesabu na leo nashona nguo, lakini sijutii hata asubuhi moja ya zile.

Mchana tulikula githeri, mahindi na maharagwe. Ukikuta mdudu kwenye sahani ulisema "protini" na kuendelea, maana hiyo ilikuwa shule ya sayansi. Wavulana walicheza mpira wa makaratasi, wakibishana kama umeingia goli kwa kutaja pembe na digrii. Tulikuwa wajinga wenye furaha.

Ila kulikuwa na maabara. Ilinuka spiriti na mbao kuukuu, na kwenye kona, juu ya ndoano, ilining'inia mifupa ya mtu. Si plastiki. Mtu. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ililetwa na wafadhili ndani ya sanduku kabla sisi hatujafika. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua. Tulimwita Kiranja, kwa sababu hata ukikaa wapi ulihisi anakuangalia. Wavulana walimvalisha kofia. "Niaje, Kiranja," walisema wakiingia, na upepo ukipita dirishani aligeuka polepole, vidole vikigongana kidogo, tik, tik, kama mtu anayetafakari swali. Mara nyingi tukifungua maabara Jumatatu tulimkuta amegeukia dawati letu, langu na Akinyi. Nilicheka na wengine. Lakini sikupenda kumpa mgongo.

Akinyi alikuwa rafiki yangu, na alikuwa ndiye kichwa cha darasa. Aliishi Kibera na nyanya yake aliyeuza dagaa wa omena, Mjaluo wa kwao kabisa, tuliyemwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, kama Akinyi alivyomwita. Akinyi alitaka kuwa daktari. Si kama mimi nilivyotaka mwezi. Yeye alitaka kwa meno yaliyokazwa, na sote tulijua atafika.

Tukiwa kidato cha tatu, Mwalimu Barasa wa baiolojia alituambia tuhesabu meno ya Kiranja na kuandika idadi yake, juu na chini. Sisi wavivu tulinakili kutoka kitabuni. Akinyi alisogea, akatazama, akaandika kwamba meno ya mbele ya chini hayapo.

"Akinyi," Mwalimu alisema, "huyu ni mtu. Anayekosa meno ya mbele ni ng'ombe, tena ni ya juu."

Darasa likapasuka kwa kicheko. "Ng'ombe! Mpe nyasi!"

"Mwalimu, njoo uangalie."

Mwalimu akaja, akaushika ule utaya. "Yalianguka safarini, kwenye sanduku."

"Hayakuanguka. Yangeanguka mashimo yangekuwa wazi. Haya yamejifunga. Yalitolewa akiwa hai." Sauti yake ilianza kushuka. "Sita ya chini. Ndivyo wazee wa kwetu walivyotolewa wakiwa vijana. Dani pia hana."

Kicheko kiliisha kama taa iliyozimwa. Miaka yote hiyo tulikuwa tukimvalisha kofia mzee wa watu.

Akinyi hakuishia hapo. Aliushika mkono wa kushoto. Chini ya kiwiko mfupa ulikuwa umepinda. Ulivunjika zamani, ukaunga vibaya. Alipougusa alirudi nyuma mpaka akaangusha stuli.

Sababu yake aliniambia tukienda nyumbani. Babu yake alikuja Nairobi kufanya kazi ya mjengo, akaanguka, mkono wa kushoto ukaunga umepinda. Baadaye, asubuhi moja, alitoka kwenda kazini na hakuonekana tena. Dani alikuja kumtafuta, akazunguka kila mahali anapoweza kuzunguka mke wa mtu maskini, akabaki huku huku. Nyumbani wazee waliona miaka imepita, wakafanya inavyofanywa mwili usipopatikana: walizika tunda la yago, lile refu na zito, badala yake. Wakalia, wakafunika kaburi, ikawa amezikwa.

Kuanzia siku hiyo Akinyi hakuingia maabara. Alisimama nje, karatasi kifuani. "Siwezi kupasua chura babu yangu akiniangalia, Mutheu." Mkuu wa shule alimbembeleza, kisha akamwambia wazi: bila mazoezi ya maabara hakuna mtihani wa baiolojia, na bila baiolojia hakuna udaktari. Akinyi alilia, lakini hakuingia. Mwishowe Dani akaitwa.

Alikuja alasiri, amevaa nguo yake ya kanisa, kikapu cha omena mkononi maana sokoni hakungoji mtu. Wavulana wakaanza, "Dani karibu, Kiranja haumi!"

"Nyamaza wewe, hata ndevu huna."

Alimwomba Mwalimu atoke na wanafunzi wake. Akinyi alibaki nje, mlango ukafungwa. Mimi nilikuwa ndani kwa sababu nilikuwa nimempokea kikapu, na hakuna aliyenikumbuka.

Dani alivua viatu. Akasimama mbele ya ile mifupa. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Nilihakikisha kwa macho, na sijui kwa nini nilihakikisha. Akaushika ule mkono wa kushoto, akapitisha kidole gumba juu ya mahali palipopinda, taratibu, kama anayetafuta uzi kwenye kitambaa. Alipouachilia, Kiranja aligeuka. Polepole, bila tik hata moja, mpaka uso ukaelekeana na uso.

"Misawa, wuon Ochieng'," Dani akanong'ona.

Ukikaa na Wajaluo unajua. Hiyo ndiyo salamu, na baba Ochieng' ndivyo mke anavyomwita mumewe. Ochieng' ni baba yake Akinyi.

Kisha akavaa viatu, akafungua mlango, akasema kwa sauti ya sokoni: "Si yeye. Babu yako alikuwa mfupi. Rudi darasani, usinipotezee siku."

Nilimsindikiza na kikapu mpaka barabarani. Nilimuuliza tu, "Dani, kwa nini?"

Hakukasirika. "Mutheu, mtu hazikwangi mara mbili. Kaburi lake limefungwa, yago iko ndani. Nikisema ni yeye, lazima lifunguliwe. Na kaburi likifunguliwa, kifo kinatoka kutafuta mtu wa boma lile. Kitampata nani? Si huyu mtoto?" Akachukua kikapu chake, akaenda kuuza.

Kesho yake Akinyi aliingia maabara. Alichagua stuli iliyo karibu kabisa na Kiranja, akapasua chura bila mkono kutikisika. Alifaulu. Leo ni daktari huko kwao, na watu hutoka mbali kumwona.

Tulipomzika Dani, nilisafiri mpaka kwao. Tukiwa jikoni na Akinyi, moshi machoni, niliona ni wakati. Nikaanza, "Siku ile ya maabara, Dani alisema..."

"Ule mlango ulikuwa umepasuka, Mutheu. Nilisikia."

"Na bado ukarudi?"

"Ndiyo maana nilirudi. Sasa ningemwacha peke yake na nyinyi, mkimvalisha kofia?"

Tulicheka mpaka tukalia, kisha tukalia tu.

Nilipita shuleni mwaka mmoja baadaye. Maabara ni mpya, ina vigae, na hakuna aliyejua mifupa ya zamani ilipelekwa wapi. Niliuliza watu kadhaa, wakaniangalia kama niliyepotea njia. Mwanangu ananiambia shuleni kwao mifupa iko kwenye tableti, unaizungusha kwa kidole. Alinionyesha. Ni myeupe, imenyooka, meno yote yapo. Watoto hawa wana bahati, wanajifunza bila hofu na nawafurahia. Lakini niliitazama ile ya tableti kwa muda mrefu, nikaihurumia. Haijawahi kuwa baba wa mtu.