Mkwe Wangu Ndani, Mimi Kwenye Pumba

Mkwe wangu alirudi kutoka mafunzo ya vitendo kiwandani na habari kwamba kabla ya kuanza mwaka wa nne, ambao ndio wa mwisho, anatakiwa awe na tatizo. Anasomea uhandisi wa mitambo. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo huenda sikuelewa vizuri, lakini nilidhani watu huenda chuo kikuu kuyakimbia matatizo. Kumbe wakishafika wanarudishwa nyumbani wakayalete.

Habari hiyo hakunipa yeye. Mimi na mkwe wangu tulikuwa hatuongei. Hatukugombana, ndiyo heshima yenyewe. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwanao hakutazami usoni. Akikuona njiani anaingia kwenye mikakao ya kando, anakupa mgongo mpaka upite. Tunaita kutila. Wengi wa kanisani wamekwisha kulegeza, siku hizi wanapeana mikono na wakwe zao na hata kupiga picha pamoja. Nyumbani kwangu tulikuwa bado tunashika, sijui kwa imani au kwa uvivu tu wa kubadilika. Mwanangu anafanya kazi Mbeya, mkewe hukaa kwetu wakati wa likizo, na tangu waoane nilichokuwa nakijua vizuri kuhusu binti huyu ni mgongo wake. Ni mgongo wenye adabu sana.

Basi mke wangu ndiye aliyenieleza. Tatizo liwe la watu wa kawaida, liwe la mashine, na lipimike. Chuo kikifunguliwa hana, walimu watampa la kwao. Kuna mwenzake mmoja aliyemtangulia alikwenda mikono mitupu, akapewa mashine ya kumenya vitunguu. Mwaka mzima alilia, na matokeo yalipotoka akaendelea kulia.

"Sasa yeye amechagua tatizo gani?" nikauliza.

"Chenga."

"Chenga zipi?"

"Za mashine yako."

Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Ipyana. Mpunga wa Kyela watu wanausifu kwa harufu mpaka huko mbali. Kwangu unaingia punje nzima na kutoka umevunjika vipande viwili, vitatu, lakini harufu yote ipo. Lazima niseme haki: wateja wamelalamika kwa miaka mingi. Lazima niseme haki tena: wamelalamika wakiwa kwenye foleni.

Sikuwa na furaha kuwa tatizo la jamii. Nikashauri akapime mashine ya mfanyabiashara mmoja wa mjini. Alikwishakwenda. Yule bwana alipoona binti ana kalamu na kifaa cha kupimia, akadhani ni mtu wa kodi, akasema mashine si yake, yeye anapita tu.

Ikabaki yangu. Ila alihitaji kuipima ikizunguka, na mwenye habari zake zote ni mimi, mtu asiyeruhusiwa kuonana naye. Mke wangu akapanga: mkwe akae ndani na mashine, mimi nje nyuma ya ukuta, juu ya lundo la pumba, na yeye asimame mlangoni kupeleka maneno.

"Mama, naomba umuulize baba puli hii ya injini ilibadilishwa lini."

Nilisikia. Ukuta ni wa mabati. Hata kuku walisikia. Nikasubiri.

"Mzee, anauliza puli ilibadilishwa lini."

"Mwambie mwaka ule wa mafuriko."

"Anasema mwaka wa mafuriko."

"Mafuriko yapi, mama?"

Swali zuri. Kyela ukisema mwaka wa mafuriko hujataja mwaka.

Tuliendelea hivyo mpaka mke wangu akachoka. "Mimi si simu," akasema, akaenda kupika. Tukabaki wawili na bati katikati. Mwishowe nikakohoa, nikasema kwa sauti, "Mashine! Anayetaka kukuzima avute ule waya mwembamba karibu na tangi."

Halafu ndani ikajibu sauti ndogo: "Mashine, huo waya nimeshauona."

Kumbe inawezekana. Kuanzia hapo tukawa tunaongea na mashine. Ilipata heshima ambayo hata mchungaji wetu hajawahi kupewa. Mama mmoja aliyeleta mpunga kutoka Busale alisimama na gunia lake, akatusikiliza wote wawili, akapiga makofi.

"Jamani, nyumba hii wanazungumza na injini! Mashine, nami nisalimie basi. Ugonile?"

"Cheka tu," nikamwambia. "Wewe mkwe wako unamsalimia vipi?"

"Wa kwangu anakula mezani na mume wangu, baba. Tena anamzidi nyama."



Kwa mtindo huo vipimo vilikwenda polepole, na likizo haikutusubiri. Siku moja nilidhani amekwenda kula. Injini ilikuwa inanguruma na hakuna aliyekuwa anazungumza nayo, kwa hiyo nikaingia na dumu langu la dizeli.

Alikuwa amechuchumaa karibu na puli, lile gurudumu la injini linalovuta mkanda wa kinu, ameelekeza kile kifaa chake chenye mwanga mwekundu. Aliponiona alifanya alichofundishwa: alijifunika kitenge kichwani haraka na kunigeuzia mgongo. Upande aliogeukia ndiko mkanda ulikokuwa unapita. Na mimi nikafanya nilichofundishwa, nikatazama pembeni. Watu wawili wenye adabu tele, na mkanda usio na adabu hata chembe.

Niliusikia ukipiga kelele. Nilipogeuka, pindo la kitenge lilikuwa limeshaingia kwenye puli na kichwa chake kinavutwa. Niliacha dumu, nikavuta waya. Injini ya dizeli ukiizima haitii saa ile ile, inamalizia kwanza hasira zake. Namshukuru Mungu kitenge hakikuwa kimefungwa. Kilimtoka, kikazungushwa, kikachanika, na yeye akaanguka chini kwenye pumba, uso juu, ananitazama.

Ana kovu dogo juu ya nyusi. Sikuwa najua.

"Umeumia?" nikauliza. Sikumuuliza mke wangu, sikuiuliza mashine.

"Hapana, baba."

Mke wangu alifika mbio na mwiko mkononi. Alitutazama, akatazama kitenge kwenye puli.

"Mmeonana?"

"Tumeonana," nikasema.

"Na paa bado lipo," akasema, akarudi jikoni.

Usiku ule nilijigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango. Kutila nilikuta kwa baba yangu, na nyumba yake ilikuwa na amani. Siwezi kusema ni upuuzi. Lakini baba yangu hakuwa na mkanda. Asubuhi nikatoa sheria: ndani ya nyumba ya mashine hakuna kujifunika, hakuna kugeuka. Nywele zifungwe, avae ovaroli yake ya chuo, na anayeulizwa ajibu. Ukivuka mlango, kila kitu kama zamani. Yule mama wa Busale alipoisikia akasema hajawahi kuona mila yenye bawaba. Huenda amesema kweli.

Kazi ilikwenda haraka mno tangu hapo. Alipima mzunguko, akachambua mchele kwenye ungo, nzima huku, chenga kule, akaniuliza usoni, nikamjibu usoni, na mara ya kwanza wote tulitoka jasho. Mwisho akagawa lawama. Puli kubwa niliyofungiwa ili foleni iishe inakimbiza kinu kupita kiasi. Na wateja wanaanika mpunga kwenye jua kali juu ya turubai, unakuja umeshapata nyufa. Sehemu yangu ilikuwa kubwa zaidi. Nilijaribu kubishana, hakunipunguzia hata punje moja, akaniagiza nifunge puli ndogo.

Jina la tatizo alilipeleka chuoni kwa simu, likakubaliwa. Ni la Kiingereza, refu kama ibada ya mazishi. Alitutafsiria lote.

"Yaani chenga," mke wangu akasema.

Siku ya kuondoka nilikuwa narudi kutoka dukani nikakutana nao njiani, mkwe wangu mbele na begi, mke wangu nyuma na kiroba cha mchele kichwani. Aliponiona aliingia kwenye kakao, akanipa mgongo. Tulikuwa nje ya mlango. Sheria ni yangu mwenyewe. Lakini kumpita namna ile, kama bosi, nilishindwa. Nikaingia kwenye kakao upande wa pili, nikageuka na mimi. Njia ikabaki tupu.

"Mashine," nikauambia mkakao uliokuwa mbele yangu, "ukasome vizuri."

"Ndaga, mashine," ukashukuru mkakao wa ng'ambo. "Ile puli ndogo usisahau."

Mke wangu akapita katikati yetu na mchele wake. "Endeleeni kuheshimiana," akasema, "basi linaondoka."