Mwanaima na Mashine ya Santuri

Mwanaima wa Msambweni hanunui kitu hivi hivi. Kwanza hukigeuza, akakigonga, akakinusa, akamuudhi mwenye duka mpaka mwenye duka ajute kufungua, ndipo aguse kibindo chake. Msimlaumu. Ameuza nazi tangu ujana wake. Nazi huitikisa sikioni mara moja tu akakwambia hii ina maji, hii imeoza, hii mrudishie huyo aliyekuuzia. Mazoea kama hayo mtu atayaacha wapi?

Basi siku hiyo alifika Ukunda, kwenye duka la Chirau la redio na spika, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Shikamoo mama," akasema Chirau.

"Marahaba mwanangu. Nataka mashine ya santuri, mpya. Usinipe ya kunifanyia mzaha, na za watu wa mahoteli pia sizitaki."

Chirau akamwekea tatu mezani. Moja ilikuwa ya plastiki, ya kukunjwa kama kisanduku, spika zake humo humo ndani. Moja iling'aa kama meno ya dhahabu, na Mwanaima aliposikia bei yake akasema, "Hiyo ifunike, isije ikaingia vumbi." Ikabaki ya katikati, nyeusi, ya ubao, haina mbwembwe.

Akaanza kazi yake. Akakigonga kile kisanduku kwa kifundo cha kidole, kikalia kama debe tupu. Akaigonga ile ya ubao, ikatoa mlio mfupi, mnene. Akaguna kwa kuridhika.

"Mama, hizi hazigongwi kama nazi," Chirau akasema huku akijizuia kucheka.

"Kila kitu hugongwa. Haya, niambie. Mbona hii imeizidi mwenzake bei hivi?"

Chirau akamweleza bila haraka. Kile kisanduku sindano yake ni nzito, inaikwangua santuri kila inapopita. Hii ya ubao, nyuma ya mkono wake ulioshika sindano kuna kizito kidogo cha kuzungusha, unakirekebisha mpaka sindano inagusa tu, haikandamizi. Sahani yake inayobeba santuri ni nzito, kwa hivyo haiyumbi, na sauti ya mwimbaji haipindi. Sindano ikichakaa, unanunua sindano, si mashine nzima.

"Na wimbo ukiisha, mkono unajiinua wenyewe?"

"Hapana, mama. Huu utauinua wewe. Wa kile kisanduku ndio unaojiinua."

"Ebo!" Mwanaima akashika kiuno. "Ya bei ndogo ijiinue, ya bei kubwa niihudumie kama bwana harusi? Gramafoni ya marehemu baba ilikuwa na adabu zake. Wimbo ukikatika tu, mkono ushapanda, ushalala mahali pake."

"Waliotengeneza hii fedha zao wamezitia kwenye sindano, mama. Kwenye adabu hazikufika."

Mwanaima akacheka asipende. Kisha akaifungua leso.

Ndani mlikuwa na santuri moja. Mamake, Bi Mbeyu, alikuwa mwimbaji wa taarabu, na mara moja tu katika maisha yake alikwenda Mombasa na kundi lake kurekodi. Mwanaima aliambiwa kwamba naye alibebwa safari hiyo, lakini hakumbuki chochote. Kabla Mwanaima hajaanza chuo cha Kurani, Bi Mbeyu akafariki. Picha hakuacha. Sura yake Mwanaima haijui. Anayoijua ni sauti, na sauti ilikuwa humo tu, na gramafoni ya baba ilikufa zamani. Sasa ana wajukuu saba, na hata ndotoni sauti hiyo ilikuwa imeanza kumpotea. Ndiyo sababu ametoa fedha za msimu mzima wa nazi.

Chirau akaiweka santuri juu ya sahani, akashusha sindano. Lo! Ikatoka sauti ya mtu aliyezibwa mdomo kwa mto. Mara ikateleza, mara ikakwama.

"Nilijua!" Mwanaima akapaza sauti, na wapita njia wakachungulia. "Mashine mbovu hii! Ubao mzuri, ndani takataka! Wataka kuniuzia nini weye?"

Chirau aliinua mkono wa mashine haraka, akaitazama sindano, ina donge jeupe kwenye ncha. Akainamia santuri, akanusa.

"Mama, niwie radhi. Hii ni santuri au ni chapati?"

"Una maana gani?"

"Inanuka mafuta ya nazi."

"Ala, si naipaka! Kila Idi naipaka, isikauke ikapasuka. Nywele napaka, milango napaka, visigino napaka, itakuwa..." Mkono ukamwenda mdomoni. "Nimemharibu? Chirau, mwanangu, nimemharibu mama yangu?"

"Sijui, mama. Tujaribu."

Wakaiosha wote wawili kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, wakifuata mistari yake kwa mzunguko, na ile karatasi ya katikati wakaikinga isilowe. Mwanaima alivua mtandio wake wa pamba, uliokwisha kulainika kwa kufuliwa, akaikaushia. Hakugonga kitu, hakunusa kitu. Alikaa chini ya feni akimwomba Mungu.

Chirau akaisafisha sindano, akaishusha tena.

Udi ukaingia. Ikafuata fidla. Kisha Bi Mbeyu akaimba, wazi, kila neno na pumzi yake, mpaka ukasikia anapovuta hewa. Mwanaima alilia na kucheka kwa pamoja, akipigapiga goti lake kwa mdundo. "Ndiye! Wallahi ndiye!"

Wimbo ukaisha. Sahani ikaendelea kuzunguka, sindano ikikoroma polepole juu ya mistari ya mwisho.

"Si unaona?" akasema huku akijifuta macho na kuinuka. "Wimbo umekwisha, yenyewe bado inazunguka kama mjinga. Ngoja niuinue huo mkono, mashine gani hii isiyojua..."

Kwenye mkoromo ule mtu akakohoa. Kiti kikaburutwa. Halafu ile ile sauti, safari hii haiimbi, ikaita kwa mbali, kama mtu aliyemaliza kazi yake na sasa anataka kwenda nyumbani:

"Mwanaima!"

Na Mwanaima, bibi wa wajukuu saba, akasimama wima katikati ya duka la Chirau, akaitika kwa sauti ya kitoto iliyofika mpaka barabarani:

"Abee, mama!"