Samli Kwenye Siti za Mzee Ndalahwa

Minza hakuwa mtu wa kuogopaogopa. Alipofungua karakana yake ya makochi mjini Bariadi, kando ya barabara ya Dutwa, wanaume walimcheka mpaka wakachoka, kisha mmoja mmoja wakaanza kumletea makochi yao. Lakini Ijumaa ile, saa nne asubuhi, alipofungua mlango wa nyuma wa gari la Mzee Ndalahwa, Krauni nyeusi, alirudi nyuma hatua moja.

Siti zilikuwa zinatoka jasho. Matone madogo ya njano yalikuwa yamejipanga kwenye mishono yote, na ndani ya gari mlinuka maziwa yaliyochacha.

Gari lile lililetwa Jumanne na mzee mwenyewe. Lilikuwa limekaa uani kwake miaka mingi bila kivuli, jua likiingia kwenye vioo kila siku ya Mungu, hata ngozi ya siti ikakauka, ikafanya nyufa, ikawa ngumu kama kiatu kilichosahauliwa juu ya bati. Sasa binti yake Elina alikuwa anaolewa Jumamosi katika kanisa la Dutwa, na mzee alitaka akapelekwe na gari hilo, si jingine.

"Nimeambiwa una mkono mzuri," alisema. "Sitaki kubadilisha ngozi. Nataka ilainike tu."

Lilikuwa gari la kwanza Minza kukabidhiwa. Bariadi nzima inamjua Mzee Ndalahwa, aliyenunua pamba ya watu miaka thelathini bila kuchezea mizani. Minza akilipatia gari lake, wenye magari wengine watamwamini. Akiliharibu, habari itafika Kiloleli kabla ya jua kuzama, na itakuwa na maneno zaidi ya hayo: kwamba waliambiwa, mwanamke na magari wapi na wapi.

Na alianza vizuri, tusimwonee. Alitoa vumbi kwa brashi, akapitisha kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, akaacha ngozi ikauke kivulini. Hapo alipaswa kuagiza Mwanza yale mafuta yanayotengenezwa kwa ngozi ya magari, apake kidogo, asubiri, arudie kesho yake. Lakini Minza ni Msukuma wa Kasoli, na Msukuma umfundishe ngozi ya ng'ombe wewe nani? Marehemu babu yake alikuwa akilainisha ngozi kwa samli, akisugua na kuanika juani ili mafuta yazame, mpaka kamba zake za kufungia nira zikawa laini kama kitambaa. Basi Minza akapasha samli ya kienyeji, akaipaka bila uchoyo, hasa upande wa kulia alikoanzia, akapandisha vioo na kuliacha gari juani siku mbili.

Alichosahau ni kwamba ngozi ya babu ilikuwa tupu, ikinywa kila ilichopewa. Ngozi ya siti imepakwa rangi juu. Samli ilikosa pa kuzama, ikajificha kwenye nyufa na matundu ya sindano, na joto lilipozidi ikarudi juu.

Minza alikandamiza leso nyeupe kwenye siti. Ilitoka na doa la njano lenye upana wa kiganja. Akilini aliliona doa hilo mgongoni mwa gauni jeupe la Elina, mbele ya madhabahu, kanisa zima likinong'ona.

Mama yake, Milembe, alikuwa mlangoni akichambua mchele. Alimtazama binti yake, akaweka ungo chini.

"Umefanya nini?"

Minza alimweleza. Alieleza haraka, sauti ikipanda, na alipofika kwenye gauni akashindwa kumaliza.

"Mafuta ya taa yakimwagika unafutia nini?" Milembe aliuliza.

"Pamba, mayu."

"Sasa unalia nini na magunia mawili yapo ndani?"

Walifunika siti zote kwa pamba ile ya shambani iliyokuwa bado na mbegu, wakashindilia nyingine kwenye mishono, wakaweka madebe ya mahindi juu ili igandamane. Jua lililoleta balaa likaachwa lisaidie kuitoa samli. Kila baada ya saa moja Minza alitoa pamba iliyogeuka njano, akaweka nyingine, akapima kwa leso. Hakula. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimshtua, akidhani ni mzee anakuja kuangalia kazi.

Jioni upande wa kushoto ulikuwa mkavu. Upande wa kulia, nyuma ya dereva, ulikuwa bado unatoa doa.

"Tandika kitenge, nyamaza," Milembe alisema.

"Mafuta yatapenya, mayu. Na nikinyamaza, binti wa watu anaweza kukaa huko."

Jumamosi asubuhi Mzee Ndalahwa alikuja na dereva wake, yeye mwenyewe suti imemkaa sawasawa. Minza alikuwa amevaa gauni lake la bluu la kwaya, maana naye alialikwa.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Tayari?"

"Baba, nimekosea."

Alimwambia yote: samli, jua, pamba, upande wa kulia. Mzee aliinama, akabonyeza siti kwa kiganja.

"Imelainika."

"Imelainika, baba. Lakini huku bado inatoa mafuta. Kushoto nimepima mara sita, kukavu."

"Una hakika?"

"Mwache Elina akae kushoto," Minza alisema. "Mimi nitakaa kulia, nimzuie asisogee."

"Utakaa," mzee alisema, akaingia siti ya mbele.

Walimpitia Elina nyumbani, na kutoka hapo mpaka Dutwa ni kama nusu saa. Minza hakuona shamba wala mtu. Mkono wake mmoja ulikuwa umekusanya pindo la gauni jeupe, mwingine umeshika kiti cha mbele, na kila tuta lilipolirusha gari alijikaza kama ukuta. Joto lilipanda. Alihisi unyevu wa mafuta mapajani mwake, akamwomba Mungu yabaki hapo hapo.

"Nasikia harufu ya maziwa," Elina alisema. "Kama kwa bibi."

Minza alilikaza tena pindo la gauni mkononi.

Kanisani vigelegele vilianza kabla gari halijasimama. Elina alishuka, akageuka kuelekea mlango, na Minza akalikagua gauni kutoka shingoni mpaka pindoni, akarudia tena. Lilikuwa jeupe lote.

Watu walipokwisha kuingia, yeye alikuwa bado amesimama ameegemea mlango wa gari. Mzee Ndalahwa alimrudia.

"Geuka."

Aligeuka. Doa lilikuwa limeenea nyuma ya gauni la bluu mpaka magotini. Mzee alivua koti la suti yake, akamwekea mabegani. Lilimfika magotini.

"Jumatatu nakuletea tena gari, ukae nalo wiki nzima," alisema. "Safari hii utafute mafuta yake."

Minza aliingia kanisani ndani ya koti la baba wa bibi harusi, akakaa benchi la nyuma kabisa.